Visanduku vya maelekezo na fomu za kuingizia data kwenye lahajedwali

Lahajedwali (karatasi ya safu na mistari kwenye programu kama Excel) isiyo na masharti haikatai kitu. Kwenye safu ya idadi ukiandika 12, inapokea. Ukiandika "12 pc", inapokea. Ukiandika "kumi na mbili", inapokea vilevile. Shida huonekana wakati wa kujumlisha: SUM, fomula ya kujumlisha, huziruka seli zenye maandishi bila kutoa onyo lolote, jumla inatoka pungufu, na hakuna anayeshtuka. Hali ni hiyohiyo kwa majina. "Karatasi" na "Karatasi " yenye nafasi moja mwishoni ni vitu viwili tofauti mbele ya COUNTIF, fomula inayohesabu seli zinazolingana na kitu fulani, hata kama jicho halioni tofauti yoyote kwenye skrini.

Kusafisha data baadaye ni kazi ngumu kuliko kuzizuia mlangoni. Hapa chini tunatumia Excel kama mfano mkuu, kwa karatasi moja iitwayo Mapokezi yenye safu tano: Tarehe (A), Namba ya hati (B), Bidhaa (C), Idadi (D) na Mpokeaji (E). Vichwa vikae mstari wa 1, kila kimoja kwenye seli yake, bila seli zilizounganishwa. Kisha bofya seli yoyote ndani ya eneo hilo, bonyeza Ctrl+T, weka tiki kwenye My table has headers, ukubali. Sasa una jedwali rasmi. Faida yake ni kwamba mstari mpya ukiongezwa chini, masharti ya safu yanashuka nao yenyewe.

Kisanduku kinachotokea seli ikichaguliwa

Chagua seli za safu ya Idadi, nenda menyu ya Data, bofya Data Validation. Dirisha linalofunguka lina vichupo vitatu: Settings, Input Message na Error Alert. Cha kwanza kinaweka sharti, cha pili kinaelekeza kabla mtu hajaandika, cha tatu kinazungumza baada ya kukosea. Wengi hujaza cha kwanza tu na kuacha viwili vilivyobaki. Matokeo yake mwingizaji anakutana na sentensi ya Kiingereza ya kawaida ya Excel inayomwambia thamani yake haikubaliki, bila kumwambia inayokubalika ni ipi.

Kwenye Input Message, kichwa kinachukua herufi 32 na ujumbe herufi 255. Usizimalize. Kisanduku hiki hujitokeza kila seli inapochaguliwa, kwa hiyo ujumbe mrefu unaziba seli za jirani na watu wanaacha kuusoma siku ya pili. Mistari miwili inatosha, na ndani yake uwepo mfano halisi:

Kichwa: Idadi iliyopokelewa
Ujumbe: Andika tarakimu tupu, bila kipimo. Mfano: 12

Kisanduku kikiziba kitu, kinaweza kuburutwa kwa kipanya hadi pembeni. Rangi na ukubwa wa maandishi yake havibadilishwi. Ukitaka maelekezo tu bila sharti, acha Allow ikiwa Any value na ujaze Input Message peke yake, inakubalika kabisa.

Onyo baada ya kosa

Kichupo cha Error Alert kina mitindo mitatu, na tofauti yake si ya picha tu. Stop inakataa kabisa: mtu anajaribu tena au anaghairi. Warning inauliza kama aendelee, na akijibu ndiyo, kosa linaingia. Information inataarifu tu na kupitisha. Tumia Stop pale ambapo jibu baya haliwezekani kuwa sahihi, kama maandishi kwenye safu ya idadi. Warning itumike kwa yale yasiyo ya kawaida lakini yanayoweza kutokea, kwa mfano idadi inayozidi 500. Ukiweka Stop kila mahali, siku data halali isiyo ya kawaida itakapokuja, mwingizaji ataandika uongo unaokubalika ili kazi iende. Uongo huo hutaugundua kamwe.

Ujumbe wa onyo unabeba hadi herufi 225. Uandike kama agizo la kurekebisha: "Idadi iwe namba kamili kati ya 1 na 1000. Ondoa herufi na nafasi, kisha jaribu tena." Maneno kama "Umekosea" hayamsaidii mtu.

Masharti ya kila safu

Kwa Idadi: Allow iwe Whole number, Data iwe between, Minimum 1, Maximum 1000.

Kwa Bidhaa tumia orodha kunjuzi: Allow iwe List, na kwenye Source uelekeze eneo la seli zenye majina kwenye karatasi nyingine. Majina yanaweza pia kuandikwa moja kwa moja kwenye Source yakitenganishwa kwa mkato, lakini nafasi ni herufi 255 tu, na orodha ya aina hiyo inatofautisha herufi kubwa na ndogo: mtu akiandika "karatasi" badala ya "Karatasi" atakataliwa. Orodha inayotoka kwenye seli haina ukali huo. Kuna mtego mmoja hapa. Ukilipa eneo la orodha jina, na ndani yake kukawa na seli tupu, huku tiki ya Ignore blank (puuza seli tupu) ikiwa imewekwa, Excel itapokea chochote kitakachoandikwa. Orodha itafunguka vizuri tu, utadhani ulinzi upo.

Namba ya hati isijirudie. Chagua B2:B500, Allow iwe Custom, kisha andika:

=COUNTIF($B$2:$B$500,B2)=1

Fomula ya namna hii husomwa kuanzia seli hai, yaani ile nyeupe ndani ya eneo ulilochagua. Ukiburuta kutoka B500 kwenda juu, seli hai ni B500, na B2 uliyoandika itahesabiwa kwa kuhamahama hadi kila mstari ukague mstari usio wake. Buruta kutoka juu kwenda chini. Kama sharti linakataa vitu vizuri na kupitisha vibaya bila mpangilio, hapo ndipo pa kwanza pa kuangalia.

Tarehe inastahili uangalifu zaidi ya safu zote. Sharti lenyewe ni rahisi: Allow iwe Date, between, Start date =DATE(2024,1,1), End date =TODAY(). Hilo linazuia tarehe za kesho na zile zilizokosewa mwaka. Lakini mtu akiandika 03/04/2025, kompyuta moja itasoma 3 Aprili na nyingine 4 Machi, kulingana na mpangilio wa eneo uliomo kwenye mfumo wake. Zote mbili ni tarehe halali, sharti linazipitisha, na kosa linabaki limejificha hadi namba inayosomwa kama mwezi iwe 13 au zaidi. Dawa yake ni kuanza na mwaka, 2025-04-03, na kuipa safu muundo unaoonyesha jina la mwezi, kama dd-mmm-yyyy, ili mwingizaji aone papo hapo kama amesomwa vibaya. Weka hilo kwenye kisanduku cha maelekezo: "Anza na mwaka. Mfano: 2025-04-03. Leo: bonyeza Ctrl na ;"

Sehemu ya lazima ni habari nyingine. Kuondoa tiki ya Ignore blank hakumlazimishi mtu kujaza, maana sharti huamka seli inapohaririwa tu. Seli ambayo haijaguswa haiulizwi. Tumia Conditional Formatting, yaani rangi inayojitokeza sharti likitimia, badala yake. Chagua D2:D500, weka fomula =AND($A2<>"",$D2="") na rangi ya kujaza, na kila mstari ulioanzwa bila idadi utawaka.

Kubandika kunavunja kila kitu

Ukinakili seli ya kawaida na kuibandika juu ya seli yenye sharti, sharti la zamani linafutika, kwa sababu seli inakuja na masharti yake yote, au na kutokuwa nayo. Ukibandika thamani peke yake kwa Paste Values, sharti linabaki lakini thamani iliyoingia haikaguliwi. Maandishi yaliyotoka nje ya Excel nayo hayakaguliwi. Vivyo hivyo kwa data zilizokuwemo kabla hujaweka sharti: zinabaki kama zilivyo.

Kwa hiyo, mara kwa mara fungua kishale kilicho kando ya Data Validation na ubofye Circle Invalid Data. Kila thamani iliyokiuka sharti itazungushiwa duara jekundu. Maduara hayahifadhiwi na faili, kwa hiyo yashughulikie kabla ya kufunga. Kumbuka kwamba safu ambayo sharti lake limefutwa haitaonyesha duara lolote. Weka sharti upya kwanza, ndipo uzungushe.

Fomu iliyomo tayari

Excel ina fomu ya kuingizia data ambayo wengi hawaijui kwa sababu haipo kwenye utepe wa menyu. Ili kuitoa: File, Options, Quick Access Toolbar, kwenye Choose commands from chagua Commands Not in the Ribbon, tafuta Form…, bofya Add, kisha OK. Kitufe kitakaa juu kabisa ya dirisha. Kwenye Windows unaweza pia kubonyeza Alt+D, uachie, kisha O.

Weka kishale ndani ya jedwali, bofya Form, na kila kichwa cha safu kinageuka kisanduku cha kujaza. New inaanzisha rekodi mpya, Find Prev na Find Next zinatembea kwenye zilizopo, Criteria inatafuta. Safu zenye fomula huonekana bila kuharirika, jambo zuri sana kwa safu za hesabu.

Mfundishe mwingizaji jambo moja kabla ya yote: kuhama kisanduku ni kwa Tab. Enter inahifadhi rekodi na kufungua nyingine. Aliyezoea Enter atajaza tarehe, atabonyeza, na tayari ameacha mstari wenye tarehe peke yake. Atabonyeza tena na tena bila kujua, na utakuta ngazi ya mistari nusunusu. Akishtuka mapema, Find Prev inamrudisha akamalizie. Delete nayo haina kurudi nyuma: rekodi iliyofutwa kwenye fomu hairejeshwi kwa Ctrl+Z.

Mipaka yake: haivuki safu 32, haionyeshi orodha kunjuzi wala visanduku vya maelekezo, ingawa masharti yenyewe yanaendelea kukataa makosa. Kukiwa na maandishi chini ya jedwali, fomu itagoma kuongeza mistari. Acha chini pawe patupu, na jumla iweke karatasi nyingine.

Dirisha la kuuliza kwa makro

Fomu hiyo isipokutosha, makro fupi (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Excel) inaweza kumuuliza mtu swali moja moja. Bonyeza Alt+F11, kisha Insert, Module, na uandike:

Sub PokeaMzigo()
    Dim idadi As Variant
    idadi = Application.InputBox("Tarakimu tupu. Mfano: 12", "Idadi iliyopokelewa", Type:=1)
    If VarType(idadi) = vbBoolean Then Exit Sub
    If idadi < 1 Or idadi > 1000 Then
        MsgBox "Idadi iwe kati ya 1 na 1000.", vbExclamation, "Angalia idadi"
        Exit Sub
    End If
    With Worksheets("Mapokezi").ListObjects(1).ListRows.Add.Range
        .Cells(1, 1).Value = Date
        .Cells(1, 4).Value = idadi
    End With
End Sub

Type:=1 inakubali namba tu; maandishi yanakataliwa na Excel yenyewe. Mtu akibonyeza Cancel, jibu ni False, na ndiyo maana tunakagua aina ya jibu kwa VarType. Ukiandika If idadi = False, sifuri aliyoiandika mtu kwa makusudi itahesabiwa kuwa ameghairi, kwa kuwa VBA, lugha ya kuandikia makro, huona 0 na False ni sawa. Ukaguzi wa 1 hadi 1000 umo ndani ya makro kwa sababu nzito: thamani inayoandikwa na makro haipitii Data Validation hata kidogo.

Hifadhi faili kama .xlsm, ukihifadhi kama .xlsx makro inatupwa. Faili iliyopakuliwa kutoka intaneti au kwenye baruapepe huzuiwa makro zake. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, weka tiki Unblock, lakini kwa faili unayemjua aliyeitengeneza tu. Pia, makro ikishabadilisha karatasi, orodha ya kutendua (Undo) inafutika.

Programu nyingine

LibreOffice Calc inaita sharti Validity, menyu ya Data, na maelekezo yako kichupo cha Input Help. Fomu yake iko wazi: Data, kisha Form.

Google Sheets ina Data validation yenye chaguo la kuonyesha maelezo seli ikichaguliwa, na la kukataa au kuonya. Kwa fomu, Tools, Create a new form, inatengeneza Google Forms ambayo majibu yake yanaingia kwenye karatasi pamoja na muda. Kila jibu huingia kama mstari mpya, kwa hiyo fomula ulizoburuta chini mapema zinasukumwa na mstari mpya unabaki bila hesabu. Andika fomula moja ya ARRAYFORMULA, inayohesabu safu nzima kwa pamoja, juu ya safu.

Kabla ya kumkabidhi mtu faili yoyote kati ya hizi, keti ukajaribu kuiharibu: andika "12 pc", rudia namba ya hati, weka tarehe ya mwakani, bandika seli kutoka faili nyingine, bonyeza Cancel kwenye kila dirisha, kisha uikague kwenye kompyuta yenye mpangilio tofauti wa tarehe.