Somo: Namna ya kujiandaa kwa usaili wa kazi katika duka la vyakula la bei nafuu

Somo hili ni kwa ajili ya wenzangu walioitwa kwenye usaili katika maduka ya vyakula ya bei nafuu, yale yenye bidhaa za aina chache, wafanyakazi wachache, na katoni zinazopandishwa rafuni zikiwa zimekatwa upande mmoja tu. Mimi mwenyewe nilisailiwa mara mbili, nikakosa mara ya kwanza na kupata mara ya pili, na baadaye, nilipokuwa msaidizi wa meneja wa duka, nikakalia kiti cha msaili. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kutoka pande zote mbili za meza.

Hatua ya kwanza: Ielewe biashara kabla ya kujieleza

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu hujiandaa kana kwamba wanaomba kazi katika supamaketi yoyote. Mfumo huu wa biashara ulienezwa na ndugu wawili wa Kijerumani, Karl na Theo Albrecht, waliochukua duka la mama yao mjini Essen mwaka 1946 na kulikuza hadi likawa kampuni ya Aldi. Lidl, ambayo nayo ni ya Ujerumani, ilifungua duka lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1973 mjini Ludwigshafen. Bei hushuka kwa sababu gharama zimebanwa kila mahali: msimbo wa mistari huchapwa pande kadhaa za pakiti ili keshia asipoteze muda kuigeuza, na katika maduka mengi toroli hufunguliwa kwa sarafu ili mteja airudishe mwenyewe pasipo duka kumlipa mtu wa kuzikusanya.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia msaili anamtafuta nani. Katika zamu moja, mtu yuleyule atapokea mzigo asubuhi, atapanga rafu, atakaa kaunta foleni ikirefuka, kisha atapiga deki kabla ya kufunga. Mwombaji anayesema kwamba angependa kuwa keshia tu amejiondoa mwenyewe, hata kama ni mwepesi wa hesabu kiasi gani.

Kwa hiyo, nenda dukani siku moja kabla ya usaili, wakati wa msongamano, ukae humo kama dakika ishirini. Tazama kaunta ngapi zimefunguliwa, nani anaitwa foleni inapojaa, na bidhaa mpya zinawekwa mbele au nyuma ya zile za zamani. (Zinapaswa kuwekwa nyuma, ili zenye tarehe ya karibu ya kumalizika zitoke kwanza.) Msaili akikuuliza unalijua vipi duka lake, utakuwa na la kumwambia ambalo hukulinukuu kutoka kwenye tovuti ya kampuni.

Hatua ya pili: Ijue ratiba yako

Swali la saa za kazi huja mapema, na mara nyingi ndilo linaloamua. Zamu za alfajiri za kupokea mzigo, zamu za usiku za kufunga, siku za mwisho wa juma na sikukuu ni sehemu ya kazi hii. Andika kwenye karatasi siku na saa unazoweza na zile usizoweza, kisha useme ukweli. Nimeona watu wakiahidi kila siku na kila saa, wakaajiriwa, na kufikia juma la pili wameanza kuomba udhuru. Meneja mwenye watu watatu katika zamu hawezi kulivumilia hilo.

Hatua ya tatu: Andaa visa vitatu vya kweli

Katika usaili wangu wa kwanza nilisema mara tatu kwamba napenda kufanya kazi na watu. Msaili, mama mmoja mpole, aliniomba nimpe mfano mmoja tu wa siku niliyomhudumia mtu aliyekasirika. Nikarudia kwamba mimi ni mvumilivu. Aliilaza kalamu yake juu ya karatasi na hakuishika tena mpaka tulipoagana.

Tangu siku hiyo nimewashauri wote wanaoniuliza waandae visa vitatu: kimoja cha mtu aliyekasirika, kimoja cha kazi iliyokubana muda, na kimoja cha kosa ulilolitenda mwenyewe ukalirekebisha. Si lazima vitoke kwenye ajira. Kuuza vitu sokoni, kutunza fedha za kikundi au kupika kwenye shughuli ya watu wengi, vyote vinafaa. Eleza ilikuwaje, wewe ulifanya nini, na mwisho wake ulikuwa upi. Kisa cha kosa usikifiche wala usikipambe, kwa kuwa mtu atakayeshika droo ya fedha ni lazima awe na uwezo wa kusema kwamba chenji imepungua na kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Hatua ya nne: Swali la mambo yanayogongana

Swali hili nililiuliza mara nyingi. Foleni ina wateja saba na kaunta iliyofunguliwa ni moja. Paleti, yaani jukwaa lililopangwa mzigo, ya bidhaa za jokofu imeteremshwa sasa hivi. Mteja anakuja kukuambia kwamba chupa ya mafuta ya kupikia imepasuka katikati ya njia, na mpo wawili tu dukani. Unaanza na lipi?

Anayejibu kwamba atafanya yote kwa pamoja hajajibu. Mafuta sakafuni hutangulia, kwa kuwa mtu anaweza kuteleza na kuumia. Zuia njia kwanza, kisha ufute. Paleti hufuata, lakini huna haja ya kuanza kuipanga: isukume ikiwa nzima hadi kwenye chumba cha baridi, uipange baadaye, maana bidhaa za jokofu zikipata joto hutupwa. Foleni inaendelea kuhudumiwa na mwenzako, nawe unawaambia wateja kwamba unakuja kufungua kaunta ya pili. Binti mmoja, kabla ya kujibu, aliniuliza: “Kati yetu wawili, nani yuko kaunta?” Nililizungushia jina lake duara kabla hajaendelea, kwa sababu alikuwa tayari anafikiri kama mtu aliye kazini.

Hatua ya tano: Siku yenyewe

Fika dakika kumi na tano kabla ya muda. Vaa nguo safi na za heshima, na viatu unavyoweza kutembea navyo, kwa sababu baadhi ya wasaili hukuzungusha dukani na hata kukuomba unyanyue katoni. Beba vyeti na wasifu wako. Mwishoni uliza swali moja la kweli, kwa mfano mafunzo huchukua muda gani, au nani atakuelekeza siku za mwanzo.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwandishi, ahsante kwa somo. Nimemaliza shule mwaka huu na sijawahi kuajiriwa popote. Nikiulizwa uzoefu nisemeje?

Jibu: Sema wazi kwamba hii itakuwa ajira yako ya kwanza, kisha utoe kisa mara moja bila kungoja kuombwa. Kazi za dukani hufundishwa, na meneja anajua hivyo. Asichoweza kukufundisha ni kuwahi na kutokasirikia wateja, kwa hiyo visa vyako vielekee huko.

Swali: Nina maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Nikiyataja si nitakosa kazi?

Jibu: Dada yangu, kazi hii ina kunyanyua mizigo kila siku, na kuficha jambo hilo kunaweza kukuumiza zaidi. Pata kwanza ushauri wa daktari kuhusu uzito unaoweza kuubeba, kisha uulize kwenye usaili kama kuna vifaa vya kusaidia, kama vile kitoroli cha kunyanyulia paleti. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda uufanye ukiwa na majibu hayo.

Swali: Mshahara niuulize lini?

Jibu: Mwishoni, kama hawajautaja wenyewe. Uliza pia saa zilizoandikwa kwenye mkataba, si kiwango cha saa moja tu, kwa sababu kiwango kizuri kwa saa chache kinaweza kukupa kipato kidogo.

Swali: Niliulizwa ningefanya nini nikimwona mfanyakazi mwenzangu akitia bidhaa mfukoni. Nilisema ningemwonya kirafiki. Nilikosea?

Jibu: Jibu lako lilikuwa la utu, lakini silo wanalolitafuta. Ulichotakiwa kusema ni kwamba ungemweleza msimamizi kwa faragha ulichokiona kwa macho yako, saa ngapi na wapi, bila kumwita mtu mwizi na bila kuwaambia wengine. Huenda mwenzako ameilipia bidhaa hiyo, na msimamizi ndiye mwenye uwezo wa kuthibitisha kwa risiti au kamera. Kama hujapata majibu ya usaili huo, usikate tamaa kwa ajili ya swali moja. Baada ya juma moja wapigie simu asubuhi, kabla duka halijajaa, uulize walipofikia.