Kumchora Sleipnir, farasi wa Odin mwenye miguu minane

Kazi ngumu ya kumchora Sleipnir, farasi wa Odin, mungu mkuu wa Waskandinavia wa kale, iko mabegani. Ukimchora farasi wa kawaida halafu ukamwongezea miguu minne tumboni, utapata tandu mwenye singa, maana mguu wa mbele wa farasi huanzia kwenye mfupa wa bega na wa nyuma huanzia nyongani. Wachongaji wa kale wa kisiwa cha Gotland, Uswidi, walilizingatia hilo. Katika jiwe lao lenye picha za kuchonga, liitwalo jiwe la Tjängvide, lililopatikana mwaka 1844, miguu minne imekusanyika mbele na minne nyuma. Fuata mpango huo.

Laza karatasi ya A3, chukua penseli ya HB, na upime kwa urefu wa kichwa cha farasi. Kutoka kifuani hadi matakoni farasi huwa na vichwa 2.5 hivi, mpe Sleipnir 3. Ukizidisha, mgongo utaonekana unakatika. Urefu wa kwenda juu, kutoka ardhini hadi mabegani, ubaki 2.5. Chora mfupa wa bega ulioinama, kisha wa pili nyuma yake kwa theluthi ya kichwa, mwinamo uleule. Fanya hivyohivyo nyongani.

Sasa miguu, kwa vijiti na viduara vya viungo tu, ukiipa namba 1 hadi 8. Usidharau namba hizo: goti la mbele hukunjika kwato ikienda nyuma, lakini kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma huchongoka kuelekea mkiani, na kwenye miguu minane ni rahisi mno kuvichanganya. Jozi isinakili jozi. Farasi akienda shoti, ya kwanza inyooshwe mbele na ya pili ikunjwe chini ya kifua. Nyuma, moja isukume ardhi na nyingine iwe bado inakuja.

Maliza kwanza minne ya upande wako. Ya upande wa mbali kwato zake ziwe juu kidogo, na uipake kijivu kimoja kilichokoza, bila misuli. Ukiichora kwa undani uleule, jicho litapotea katikati ya miguu.

Rangi yake ni kijivu, ndivyo inavyosema Edda, kitabu cha hadithi za miungu ya Waskandinavia kilichoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland. Mabawa usimwekee: huvuka anga na bahari kwa miguu hiyohiyo. Ukimchora mdomo wazi, unaweza kumtia menoni runi, yaani herufi za kale za Waskandinavia. Shairi la kale la Waskandinavia linazitaja hapo.