Somo: Kutafuta Mahali Panapopendeza Pichani Unapozunguka Jiji Kubwa

Karibu kila anayeanza kupiga picha mjini huuliza, "Niende wapi?", nami humrudishia swali jingine: "Utafika saa ngapi, na jua litakuwa upande gani?" Si kejeli. Ukuta ambao saa sita mchana haumfanyi mtu hata ageuze shingo, jioni hupigwa na mwanga wa ubavuni, kila tofali likatoa kivuli chake, na wapita njia wakaanza kusimama. Ukuta ni uleule. Kwa hiyo somo hili halitoi orodha ya mahali pa kwenda. Linaeleza namna ya kutambua mahali penye uwezo wa kupendeza na saa ambayo uwezo huo hujitokeza, iwe unatumia simu au kamera yenye lenzi za kubadilisha.

Hatua ya 1: Soma ramani ukiwa bado ndani

Fungua ramani ya jiji, na kwa muda uache kutafuta vivutio vyake. Tafuta mahali ambapo mpangilio wa jiji unakatika: mto unapolazimisha barabara kupinda, reli inapopita juu ya mtaa, kilima kinapogeuza kichochoro kuwa ngazi, mtaa wa kale unapopakana na maghorofa ya vioo. Kwenye mikatiko hiyo ndipo jicho hupata nafasi ya kuona mbali, na ndipo vitu visivyofanana hukutana ndani ya fremu moja. Weka alama pia kwenye madaraja ya waenda kwa miguu, kwa kuwa humpa mpiga picha kimo cha ghorofa ya kwanza na katikati ya barabara kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwingine lingehitaji ujasiri wa kijinga.

Kisha angalia barabara zimeelekea wapi. Jua huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili siku zinazozunguka tarehe 20 Machi na 23 Septemba tu. Nyakati nyingine husogea kaskazini au kusini, na kadiri jiji lilivyo mbali na ikweta ndivyo msogeo huo unavyokuwa mkubwa. Barabara iliyonyooka kulielekea jua linalozama hugeuka mfereji wa mwanga. Mfano unaojulikana zaidi ni Manhattan, New York, ambako mitaa iliyopangwa mwaka 1811 imeinama takriban nyuzi 29 kutoka kaskazini, hivyo jua huzama katikati kabisa ya mitaa inayokatiza kisiwa si mwezi Machi bali mwishoni mwa Mei na tena katikati ya Julai, na siku hizo watu humiminika barabarani wakiwa na kamera. Lakini barabara yoyote ndefu iliyonyooka na kuelekea mashariki au magharibi, japo kwa kukaribia, ina siku zake za namna hiyo. Ni vile tu kwamba hakuna aliyeketi kuzihesabu. Zipo programu za simu zinazochora njia ya jua juu ya ramani kwa tarehe yoyote utakayo, na dakika kumi za kuzichezea usiku wa kuamkia safari huokoa nusu siku ya kutangatanga.

Hatua ya 2: Mzunguko wa kwanza uwe wa kuandika

Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya uroho wa kidole. Tembea mtaa mzima bila kupiga picha ya maana. Piga moja tu ya kumbukumbu kwa kila mahali, kisha andika mambo matatu: ukuta au barabara hiyo inatazama upande gani kwa mujibu wa dira ya simu, ni kitu gani kitakachokuja kuzuia jua, na watu hupita wakitokea wapi. Jambo la tatu hupuuzwa mno. Mtu anayeingia kwenye fremu akitokea gizani kuelekea kwenye mwanga huonekana akija. Anayetokea kwenye mwanga kuelekea gizani huonekana akiondoka, na picha hizo mbili hazisemi jambo moja.

Kila baada ya hatua mia moja hivi, simama na ugeuke nyuma. Mtaa unaoupa mgongo si mtaa uliokuwa ukiutazama: mwanga wake ni mwingine, na mara nyingi jengo ulilolipita bila kulijali ndilo linalofunga vizuri mandharinyuma. Tazama juu, kwenye roshani na nyaya. Tazama chini, kwenye michoro ya vigae na mistari ya vivuko. Vitu vinavyojirudia kwa mpangilio, kama nguzo, matao na madirisha, viandike, kwa kuwa hivyo huhitaji kitu kimoja tu cha kuvunja mpangilio ili picha ikamilike.

Hatua ya 3: Tafuta mwanga wa kuazima

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo jiji kubwa linapoushinda mji mdogo. Maghorofa huziba jua, ndiyo, lakini vioo vyake hulirudisha chini kwenye mitaa ambayo kwa haki ingekuwa kivulini siku nzima.

Nililijua hili siku niliyokosa picha niliyoikusudia. Nilikuwa nimeona mtandaoni ngazi ndefu za mawe katika jiji nililokuwa nikilitembelea, nikavuka jiji zima kuzifuata, nikafika saa nane mchana na kukuta lori la vifaa vya ujenzi limeegeshwa mbele yake. Nikaketi kwenye kizingiti cha kichochoro cha jirani, nimenuna. Kichochoro kilikuwa na giza, ila kwenye ukuta wa kushoto kulikuwa na kipande cha mwanga chenye ukubwa wa mlango, kimejikunja pembeni kama shuka lililoanikwa vibaya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilitoka kwenye dirisha la ghorofa lililokuwa ng'ambo ya barabara. Nikapima mwanga kwenye kile kipande badala ya kichochoro kizima, na kila kitu kingine kwenye kioo cha kamera kikawa cheusi. Akapita mtu aliyebeba ngazi ya aluminiamu begani. Kivuli cha vipago vyake kikapanda ukutani, kikavunjika kwenye ufa wa plasta, kikatoweka. Nilipata fremu 3, moja ikiwa na maana. Dakika kumi baadaye mwanga ulikuwa umehamia kwenye bomba la maji ya mvua, na habari ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo, nikiona ghorofa la vioo lililopigwa na jua, silitazami lenyewe. Natazama ng'ambo yake. Angani jua husogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kipande cha namna hiyo hakikungoji, lakini hali ya hewa ikiruhusu utakikuta kesho yake mahali palepale, karibu saa ileile. Kiandike.

Hatua ya 4: Panda juu, lakini chagua jengo

Kosa la kawaida ni kupanda jengo maarufu kuliko yote, kwa maana ukiwa juu yake, lenyewe halimo kwenye picha. Anayetaka kuliona Empire State Building likisimama katikati ya jiji la New York hupanda Rockefeller Center. Anayetaka mnara wa Eiffel ndani ya Paris hupanda Arc de Triomphe, ambako pia ataona barabara 12 zikitawanyika kama miale. Palipo na kioo, gusisha lenzi kwenye kioo chenyewe na uzibe pembeni kwa kitambaa cheusi au koti ili taa za ndani zisiakisiwe. Majukwaa mengi ya kutazamia hayaruhusu stendi ya miguu mitatu, basi egemeza kamera kwenye ukingo.

Hatua ya 5: Usikimbie jua likishazama, wala mvua ikishanyesha

Baada ya jua kuzama kuna kipindi kifupi ambapo anga huwa na rangi ya buluu nzito na nguvu yake hulingana na taa za madirisha na za barabarani. Kabla ya hapo taa hazionekani. Baada ya hapo anga huwa jeusi na majengo hupoteza umbo. Karibu na ikweta kipindi hicho hupita upesi kwa sababu jua hushuka wima, ilhali kwenye miji ya kaskazini ya mbali, hasa wakati wa kiangazi, hurefuka sana. Kuhusu mvua nitasema neno moja: dimbwi. Shusha kamera hadi ikaribie kugusa maji, na dimbwi la upana wa sinia litabeba ghorofa zima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, natumia simu tu. Nikikuza picha ili kulivuta jengo la mbali, huharibika. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, lenzi kuu ya simu nyingi huona upana unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera kubwa, na ukikuza kupita lenzi zilizomo, simu huwa inakata picha tu na kuinyoosha. Kwa hiyo usilivute jengo. Tafuta kitu cha kuweka karibu yako, kama tao, tawi au ukingo wa ngazi, ili umbali wenyewe uwe sehemu ya picha. Gusa skrini palipo na mwanga mkali zaidi kisha punguza mwangaza kidogo. Na ufute lenzi, kwani nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa ni alama za vidole.

Swali: Safari zangu ni za kikazi, na mara nyingi napata saa mbili tu za jioni. Mzunguko wa kwanza nitaufanya lini?

Jibu: Ufanye kwenye ramani, na ukubali mtaa mmoja. Chagua barabara inayoelekea magharibi iliyo karibu na unapolala, fika saa moja kabla ya jua kuzama, na usiondoke hadi nusu saa baada ya kuzama. Ukitembea mitaa minne kwa saa mbili utarudi na picha arobaini za mtu mwenye haraka.

Swali: Mahali maarufu huwa pamejaa watu tangu asubuhi. Je, tuachane napo kabisa?

Jibu: Si lazima, dada. Njia ya kwanza ni alfajiri. Eugène Atget aliyepiga picha maelfu za Paris ya zamani alipenda saa hizo, na mitaa yake mingi haina mtu. Njia ya pili ni kuiacha kamera ikipokea mwanga kwa muda mrefu ili wanaotembea wafutike. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, akiwa dirishani juu. Barabara ilikuwa na pilikapilika, lakini kwa kuwa kamera ilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, wote waliokuwa wakitembea walipotea, akabaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Ukiwa na kamera yenye stendi na kichujio cheusi mbele ya lenzi, sekunde 30 hadi dakika chache hutosha, ila wanaosimama kujipiga picha wenyewe hawatafutika, nao ndio wengi siku hizi.

Swali: Mlinzi mmoja alinizuia kupiga picha ya jengo nikiwa barabarani. Ana haki?

Jibu: Hutegemea nchi, na hutegemea jengo. Sheria nyingi huruhusu kupiga picha ukiwa mahali pa umma, lakini majengo ya kijeshi na ya usalama huwa na masharti yake, na vituo vya treni au maduka makubwa yanaweza kuwa mali ya mtu japo milango yake i wazi. Kutumia picha kibiashara ni suala jingine kabisa: mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889, ni huru kupigwa mchana, ila mapambo ya taa zake za usiku yanalindwa kama kazi ya sanaa, hivyo anayetaka kuyauza huomba kibali. Kwa mlinzi aliye mbele yako, shusha kamera kwanza, msalimie, ndipo uulize mpaka uko wapi. Mara nyingi mpaka ni hatua tano nyuma yako.

Swali: Mimi sikubaliani nawe, mwalimu. Kwangu mtu huja kwanza, mwanga baadaye. Mahali pasipo na watu ni kadi ya posta tu.

Jibu: Nakukubalia nusu. Ukimfuata mtu mtaani, utampata akiwa kwenye mwanga mbovu mara tisa kati ya kumi, nawe huwezi kumwamuru arudi. Ukikaa kwenye mwanga, mtu atakuja mwenyewe, na usipompenda huyu atakuja mwingine. Mimi huchagua tofali moja ukutani, la mbele ya ukingo wa kivuli, na kusubiri hadi kivuli kilifikie. Kikilifikia kabla hajapita mtu wa kufaa, naandika saa kwenye daftari na kuhamia mtaa unaofuata.