Kivuli cha mwaloni kwa reli na mataruma ya zamani

Baba alikuwa kwenye genge la reli hapa Mwanza, akikaza bolti za njia iliyotufikia kutoka Tabora mwaka 1928. Chuma cha aina ileile ndicho ninachojengea vibanda vya kivuli mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki: vinakaa msimu mmoja, kisha navifungua.

Anza na karatasi. Usinunue reli kwa mtu wa mkokoteni, hata akikupa bei ya kutupwa. Reli zinaibwa, na treni huacha njia kwa sababu hiyo. Nunua kwa mwenye hati za mnada, utunze stakabadhi. Na ukichukua mbao au mabomba kwenye ghala la zamani la pamba, paa la kijivu lenye sura ya saruji usiliguse. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

Msingi usichimbe. Mwanza ni mawe, sururu itadunda tu. Tumia uzito. Reli ya ratili 56 kwa yadi ina kilo 28 hivi kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 3 ni kama kilo 84: wabebaji wanne, si wawili. Panga mataruma manne, yale yanayolala chini ya reli kuzishika, laza reli mbili juu yake kwa upana uleule wa njia ya treni, mita moja, kaza. Ukitandika mbao katikati umeshapata benchi la mama wa dagaa.

Nguzo ni mabomba ya inchi 2, yafungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwapo tayari. Hapa nawasihi mafundi wenzangu: msichomelee reli! Ina kaboni nyingi. Ukiichomelea kwa vijiti vya kawaida, chuma cha pembeni kinakuwa kigumu na kupasuka. Nimeona nguzo ikivunjika hivyo, watoto wakiwa wametoka chini yake dakika chache tu. Pia ukiikata umeua kipande ambacho mwakani kingesimama kwingine.

Turubai liinamie ziwani, maana mchana upepo hutoka huko. Lifunge kwa kamba za kufunguka haraka. Mawingu yakijikusanya, likunje.

Kutu iliyolegea iondoe kwa brashi ya waya, ukilowesha kwanza, maana rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ubavuni mwa reli kuna chapa ya kiwanda na mwaka. Usiipake rangi, na uigeuzie upande watu wanapokaa. Wazee waliofanya kazi relini huinama kuisoma, halafu huanza kusimulia.