Istilahi za kusoma na kuandika: namna ya kuzitumia bila kuzichanganya

Kukariri orodha ya istilahi ni nusu ya kazi. Swali la ufahamu au la fasihi humtaka mwanafunzi ataje kitu, aonyeshe kilipo, kisha aeleze kinafanya kazi gani pale kilipo. Tuchukue kifungu kimoja kifupi tukipime:

"Tangu asubuhi nyumba ilikuwa imenuna. Bi Salma aliupekua mkoba wake kwa mara ya tatu, kisha akaketi kizingitini kama mgeni. 'Nitangoja,' alisema, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia."

Anza na msimulizi. Huyu si mwandishi. Ni sauti ambayo mwandishi ameiunda ili itupe habari. Kumtambua, angalia viambishi vya nafsi vilivyo nje ya alama za nukuu. Ni- na tu- huashiria nafsi ya kwanza, a- na wa- nafsi ya tatu. Wengi huona "nitangoja" wakaandika nafsi ya kwanza. Neno hilo ni la mhusika. Msimulizi mwenyewe anasema "aliupekua", "akaketi", kwa hiyo kifungu ni cha nafsi ya tatu.

Kisha makisio, yaani jambo ambalo kifungu hakikulitamka lakini dalili zake zimo. Bi Salma hana ufunguo: mkoba umepekuliwa mara tatu, na badala ya kuingia ameketi kizingitini. Dalili ni mbili na zinaelekea upande mmoja. Ukiandika kwamba amefukuzwa na mumewe, umetunga hadithi yako, maana hakuna mume popote katika sentensi hizo.

Mada na dhamira ndizo zinazowasumbua watu zaidi, na kusema kweli vitabu navyo havikubaliani: wengine huita dhamira lile lengo la mwandishi, wengine wazo kuu la kazi. Fuata matumizi ya darasa lako. Hapa nachukua maana ya pili. Mada husemwa kwa neno moja au mawili: upweke. Dhamira ni kauli kamili juu ya mada hiyo. Kipimo chake ni neno "kwamba". Andika "Kifungu kinaonyesha kwamba…" na umalizie. "Kwamba upweke" haikamiliki, hivyo bado uko kwenye mada. "Kwamba mtu anaweza kuwa mgeni mlangoni pake mwenyewe" inakamilika.

Katika tamathali za usemi, yaani maneno yanayochora picha badala ya kusema jambo moja kwa moja, nyumba "kununa" ni tashihisi, kwa sababu kisicho na uhai kimepewa tabia ya mtu. "Kama mgeni" ni tashbihi, yaani ulinganisho unaotajwa kwa neno la kulinganisha. Ondoa "kama" useme "Bi Salma ni mgeni kizingitini pake" na utapata sitiari, ulinganisho usio na neno hilo. Ila usikimbilie kila "kama". Katika "kama mvua itanyesha" ni sharti, katika "watu kama kumi" ni makadirio, na "Asha ni mrefu kama dada yake" ni ulinganisho wa kawaida tu, kwani kimo cha wote wawili kinapimika. Tashbihi huvuta picha kutoka kwenye kitu au hali ya namna nyingine, kama mwenyeji anapofananishwa na mgeni.

Ukihamia kwenye kuandika, istilahi ya kwanza kuishika ni kauli kuu ya insha, yaani msimamo utakaoutetea. Jiulize kama kuna msomaji makini anayeweza kuipinga. "Kifungu kina mhusika mmoja" haipingiki, kwa hiyo haitetewi. "Nyumba ndiyo inayomtenga Bi Salma" inapingika, na hapo insha ina kazi ya kufanya. Kila aya ibebe hoja moja, ushahidi mmoja au miwili kutoka kwenye matini, halafu ufafanuzi. Ufafanuzi uwe mrefu kuliko nukuu. Aya nyingi dhaifu hufia hapa: nukuu inawekwa, aya inafungwa, na msomaji anaachiwa aunganishe mwenyewe. Baada ya kunukuu "nyumba ilikuwa imenuna", eleza kwamba mwanamke bado hajatajwa, lakini mlango umeshamkataa.

Ufupisho na kusema upya si kitu kimoja. Kusema upya hubadilisha maneno na kubakiza kila wazo, hivyo urefu haupungui sana. Ufupisho huacha mifano na marudio. Ukiagizwa theluthi moja, makala ya maneno 300 irudi kuwa 100.

Mwisho, kuhariri hutangulia kusahihisha. Kuhariri ni kuhamisha aya, kufuta hoja inayojirudia, kuongeza ushahidi. Kusahihisha ni tahajia na alama za uandishi. Anayeanza na tahajia hutumia dakika kumi kusafisha sentensi ambayo ataifuta.