Somo: Kwa nini 4G inapotea ukipiga simu, na jinsi ya kuwasha VoLTE

Wakuu habari zenu. Hili naulizwa sana: mtu yuko zake 4G imejaa anadaunilodi fresh, simu ikiingia tu pale juu inaandika H (yaani 3G) au E (yaani 2G), data inapungua kasi, na ikiwa E inasimama kabisa mpaka akate ndo inarudi. Simu yako haijaharibika. 2G na 3G zina njia maalum ya sauti, ukipiga unatengewa njia yako mpaka mmalize kuongea. 4G haina hiyo njia, kila kitu kwake ni data, kwahiyo mtandao unaishusha simu yako 3G au 2G ukaongelee huko, ndo maana pia unakaa kimya sekunde kadhaa kabla haijaanza kuita.

VoLTE (Voice over LTE, yaani kupiga simu ndani ya 4G yenyewe, LTE ni jina lingine la 4G) inamaliza hilo. Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani paketi 50 kila sekunde, zinapita humo humo kwenye 4G ila mnara unazipitisha kabla ya data za kawaida. Na inasikika vizuri kuliko ya zamani, masafa ya sauti ya ile yanaishia 3400 Hz, ya hii yanafika 7000 Hz, mradi na unayeongea naye simu na mtandao wake vinakubali.

Hatua:

1. Hakikisha laini ni ya 4G. Ya miaka mingi nenda nayo dukani na kitambulisho wakubadilishie, namba inabaki ile ile.

2. Ingia setingi, mtandao wa simu, chagua laini, washa VoLTE (simu nyingine wameandika 4G Calling). Kwenye iPhone iko ndani ya Voice & Data.

3. Zima simu uwashe, kisha piga mtu. 4G ikibaki pale juu wakati mnaongea, tayari.

4. Kama haijakubali, kwenye Android nyingi andika *#*#4636#*#* ingia taarifa za simu, tafuta IMS (mfumo wa mtandao unaobeba simu za VoLTE). Ikisema Not Registered ujue mtandao haujaipokea simu yako kwenye huduma ya sauti, hapo wapigie huduma kwa wateja uwatajie modeli ya simu.

Nawaomba sana, humo kwenye *#*#4636 msichague LTE only kabla VoLTE haijakubali. Watu wanafundishana hivyo ili intaneti iwe na kasi, kumbe simu haina tena pa kushukia, ukipigiwa unaambiwa hupatikani wakati data inapiga kazi. Nyumbani wana mgonjwa wanakutafuta usiku kucha na wewe unaangalia video hujui lolote.

MASWALI

Mkuu inakula bando la intaneti?
Kwa kawaida hapana, inakatwa kwenye dakika zako kama simu nyingine.

Sasa mbona WhatsApp nayo ni data na inakatakata, VoLTE haikati?
WhatsApp inapanga foleni na video za watu wote wa mnara huo, haina kipaumbele. Na paketi ya sauti ikichelewa haisubiriwi, inatupwa, ndo unasikia maneno yanamezwa. Kwa maongezi sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja mnaanza kuingiliana.

Nina simu used kutoka Marekani, 4G inashika ila sehemu ya VoLTE haipo kabisa
Kushika 4G ni kitu kingine ndugu. VoLTE inataka simu iwe na setingi za mtandao wako humo ndani, nyingi za nje zimewekewa za mitandao ya kule tu. Jaribu kuapdeti, ikigoma inabaki hivyo. Kabla hujanunua weka laini yako upige hapo hapo dukani.

Nikiwa kwenye basi tukitoka mjini je, simu inakatika?
Mtandao ukiwa umepangwa vizuri inahamishwa 3G au 2G katikati ya maongezi bila kukatika, mara nyingi hairudi 4G mpaka umalize. Ambapo hawajapanga hivyo, 4G ikiisha na simu inakata, itabidi upige upya.