Trochilus au collybita? Tumia sikio kwanza

Hawa ndege wawili wa majani wanachanganya watu sana, kwa majina ya kisayansi Phylloscopus trochilus na Phylloscopus collybita, wote wana sentimita 11 hivi, mgongo kijani iliyopaukapauka, chini weupe wenye njano kwa mbali, halafu hawatulii, unainua darubini kashahamia tawi lingine. Ushauri wangu rangi iache kwanza, chini ya majani mwanga unadanganya mno.

Anza na sikio. Collybita anaimba noti mbili tu, chif-chaf-chif-chif-chaf, anarudia hivyohivyo bila kupanda wala kushuka sana. Trochilus wimbo wake unaanzia juu, unateremka taratibu halafu unafifia mwishoni, mtamu mno, ukishausikia vizuri huwezi kumchanganya tena. Na hii njia ni ya zamani, Gilbert White, mtazamaji wa viumbe na mazingira kule Uingereza karne ya 18, aliwatenganisha hawa kwa kusikiliza nyimbo zao. Wakiwa hawaimbi wanaitana tu, na hapo trochilus anasema hu-iit, unasikia kabisa silabi mbili, mwenzake anakata kwa mkupuo mmoja, huit. Hii ya kuitana inataka mazoezi, rekodi na simu ukasikilize tena baadaye.

Sasa kama yuko kimya kabisa, nenda kwenye bawa, na hapa usiwe na haraka. Ndege akikunja bawa kuna manyoya mafupi yanalala juu na ncha ndefu inachomoza nyuma yake. Kwa trochilus hiyo ncha inakaribia urefu wa yale manyoya mafupi, kwa collybita inafika kama nusu yake tu. Sababu yake ni safari: trochilus anavuka Sahara na kushuka mpaka mashariki na kusini mwa Afrika, wengine wanatokea Siberia ya mashariki huko, zaidi ya kilomita 10,000 kwa kindege cha gramu kama 10, wakati collybita wengi wanaishia pande za Mediterania na Afrika ya magharibi. Kwa hiyo ukimwona mmoja wao Afrika Mashariki kati ya Oktoba na Aprili, karibu kila mara ni trochilus.

Mtazame pia anavyotafuta wadudu, collybita anadondosha mkia chini kila baada ya muda mfupi, yaani kama ana tabia hawezi kuiacha, mwenzake hafanyi hivyo sana.

Miguu wengi ndiyo wanaanza nayo, collybita myeusi, trochilus kahawia ya waridi, lakini wapo trochilus wenye miguu ya giza kwa hiyo isiamue peke yake. Nyusi ya trochilus, ule mstari wa juu ya jicho, nayo imekolea zaidi.

Na ukikutana na mmoja wa njano kabisa tumboni, Agosti au Septemba, usidhani umepata spishi ya tatu, huyo mara nyingi ni kinda wa trochilus aliyezaliwa mwaka huohuo.